Mambo ya Nyumbani: Pini Isiyofunguka Ovyo

Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo mno kisichokosekana katika nyumba zetu, nacho ni pini ya usalama. Mama huitumia kufunga nepi ya mtoto na kukaza mbeleko. Msichana hubania ushungi wake. Mwalimu humfungia mwanafunzi shati lililopoteza kifungo. Na mkimbiaji hubandika namba yake kifuani. Kwa kuwa bei yake ni ndogo, twaihesabu kuwa si kitu, na hata ikianguka hatujisumbui kuinama kuitafuta. Kumbe ile iliyoanguka ikiwa wazi ndiyo ya kuogopwa kuliko zote.

Jina lake lina neno kubwa ndani yake, yaani usalama. Basi yafaa tuulize: usalama huo umekaa wapi? Katika ncha haupo, maana ncha ya pini hii ni kali sawasawa na ya sindano. Usalama wake wote umo katika kifungio, yaani mahali pale ncha inapoingia ikajificha. Kifungio kikiwa chema, pini ni mtumishi mwaminifu. Kikiwa kibovu, ni mwiba uliowekwa karibu na tumbo la mtoto kwa mkono wa mama yake mwenyewe.

ASILI YAKE

Pini yenye kujifunga si jambo jipya. Zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita, watu wa Mycenae katika nchi ya Wagiriki walijua kupinda waya wa shaba iliyochanganywa na bati, wakapata bizimu ya kushikiza nguo. Warumi nao walitumia bizimu za namna hiyo kufungia majoho yao mabegani, wakaziita fibula. Zilikuwa na mkono wenye kuruka kama mtego, tena zilikuwa na kulabu ya kuupokea mkono huo. Lakini kulabu yenyewe aghalabu ilikuwa kama mfereji mdogo tu: ncha ililala ndani yake, wala haikufunikwa pande zote.

Pini tuitumiayo siku hizi yatokana na kazi ya Walter Hunt, fundi wa New York huko Marekani, aliyezaliwa mwaka 1796 akafariki mwaka 1859. Tarehe 10 Aprili 1849 serikali ya Marekani ilimpa hati namba 6281, ambayo ni hati ya kumlinda mvumbuzi ili wengine wasiige kazi yake pasipo ruhusa. Husimuliwa ya kuwa Hunt alikuwa akidaiwa dola 15 na mtu aliyemchorea michoro ya mashine zake, akakaa muda wa saa tatu akipindapinda kipande cha waya mkononi, hata pini ikatokea. Kisha akaiuza haki yake yote kwa dola 400. Deni alilipa, lakini faida ya pini zote zilizouzwa baada ya hapo iliwaendea wengine.

Wala hiyo si mara ya pekee kwake. Yapata mwaka 1834 alikuwa amekwisha kutengeneza cherehani ya kushona kwa nyuzi mbili, asiiombee hati. Husimuliwa ya kuwa binti yake alimsihi asiieneze, kwa kuwahurumia wanawake waliopata riziki yao kwa kushona kwa mikono. Mwaka 1846 mtu mwingine, Elias Howe, alipata hati ya cherehani yenye mshono wa namna hiyo, na jina lake likavuma kuliko la Hunt.

Je, Hunt aliongeza nini juu ya kazi ya watu wa kale? Yeye alieleza katika hati yake ya kuwa pini yake ni waya mmoja tu, ndio kamani, ndio kifungio. Haina kiungo cha kuvunjika wala bawaba ya kulika na kulegea. Nguvu ileile inayousukuma mkono wa pini kwenda nje ndiyo inayoushikilia ndani ya kifungio chake. Mwezi wa Oktoba wa mwaka uleule, Charles Rowley wa Birmingham huko Uingereza naye alipata hati kwa pini iliyofanana na hiyo. Watengenezaji waliofuata wakakiboresha kichwa, wakakifanya kwa bati jembamba lililokunjwa kama kofia ya kuifunika ncha.

JINSI IFANYAVYO KAZI

Chukua pini moja uitazame. Utaona sehemu nne: mkono wenye ncha, mgongo usio na ncha, pete ya waya iliyozungushwa mwishoni, na kichwa chenye kofia.

Pete ile ndiyo kamani. Mtu aweza kudhani ya kuwa imewekwa kwa urembo, lakini sivyo. Ukipinda waya kwa kona moja kali, taabu yote ya kufungua na kufunga huangukia kona ile peke yake, na baada ya siku si nyingi hukatika. Ukiuzungusha kwanza, taabu ile hugawanyika katika urefu wote wa mzunguko, na kila sehemu huchukua kidogo tu. Vivyo hivyo upinde mzuri hupindika wote toka mwisho hata mwisho. Upinde unaopindika mahali pamoja hauna siku nyingi.

Kofia nayo ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuukamata mkono usiruke. Ya pili ni kuifunika ncha isichome. Kwa hiyo kufungua pini kwataka matendo mawili yanayofuatana: kwanza kuubonyeza mkono kuelekea mgongoni hata utoke chini ya mdomo wa kofia, na pili kuusogeza upande hata uwe huru. Kidole cha mtu mzima hufanya yote mawili kwa nukta moja, wala mwenyewe hana habari ya kuwa amefanya mawili.

KWA NINI HUFUNGUKA YENYEWE

Hapa ndipo penye neno letu la leo. Ikiwa kufungua kwataka matendo mawili, imekuwaje pini ikafunguka yenyewe usiku hali mtoto amelala? Sababu ziko tatu.

Sababu ya kwanza ni upande ambao nguvu yatoka. Nguo ikivuta kuelekea nje, mkono hubanwa zaidi ndani ya kofia, na pini hujifunga sana. Lakini mtoto akikunja paja lake, au nguo ikijikunja na kuusonga mkono kuelekea mgongoni, nguo hiyo imekwisha kufanya tendo la kwanza badala ya kidole chako. Akigeuka kidogo tu, tendo la pili limetimia. Nguo haina akili, lakini ina usiku mzima wa kujaribu.

Sababu ya pili ni kamani iliyochoka. Pini iliyofunguliwa kupita kiasi, au iliyolazimishwa kupita katika mikunjo mingi ya nguo nzito, haina tena nguvu ya kuruka. Waya wake umepindika kwa namna isiyorudi. Kofia ingali nzima, lakini hakuna kinachousukuma mkono ukae ndani yake.

Sababu ya tatu ni kofia iliyopanuka. Kwa pini zisizo imara, bati lake ni jembamba hata laweza kupindwa kwa kidole. Likipanuka kidogo, mlango umebaki wazi, na ncha hutoka pasipo kubonyezwa.

Basi fundi atakaye kutengeneza pini isiyofunguka ovyo ana shida ya pande mbili. Pini isiyofunguka kabisa si pini, ni msumari. Mama hana budi kuweza kuifungua gizani kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili umemshika mtoto anayelia. Tena pini ifunguliwayo kwa urahisi na kila kitu ni hatari. Lazima iwe rahisi kwa mama, na ngumu kwa nguo na kwa vidole vya mtoto.

Jawabu lililopatikana ni kuongeza tendo la tatu, tena liwe tendo ambalo nguo haiwezi kulifanya kwa bahati. Pini nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya nepi zina kichwa cha plastiki kinachoteleza. Ukiisha kuifunga pini, wakisukuma kichwa kile kifunike mahali pa kutokea. Na maadamu kiko pale, mkono hauwezi kubonyea wala kusogea. Kuifungua, sharti kwanza ukirudishe kichwa, kisha ubonyeze, kisha usogeze. Njia hiyohiyo ndiyo iliyotumiwa katika vifuniko vya chupa za dawa, vile vinavyotaka kubonyezwa na kuzungushwa kwa pamoja: mtu mzima huunganisha matendo mawili kwa kukusudia, lakini mtoto mdogo hulijaribu moja, kisha lingine, asifaulu.

Lakini hata kichwa hicho kina udhaifu wake. Mkono wenye haraka ukisahau kukisukuma, pini ya tendo la tatu imerudi kuwa pini ya matendo mawili. Hakuna fundi awezaye kuweka ndani ya pini ule uangalifu wa mwenye kuifunga.

PINI IKIINGIA KOONI

Pengine msomaji atasema ya kuwa twakuza jambo dogo. Basi na amsikie daktari Chevalier Jackson (1865–1958), wa Philadelphia huko Marekani. Yeye alikuwa bingwa wa kutoa vitu vilivyokwama katika koo, katika umio na katika njia ya pumzi, akitumia mirija yenye taa badala ya kumpasua mgonjwa. Vitu alivyovitoa alivihifadhi, navyo ni zaidi ya 2,000. Mkusanyo wake umewekwa katika jumba la makumbusho la Mütter katika mji huohuo. Humo mna sarafu, vifungo, mifupa na njugu, na pini za usalama zimo kwa wingi.

Daktari huyu alifundisha ya kuwa ncha inayotangulia hutoboa, bali ncha inayofuata nyuma haitoboi. Pini iliyo wazi ikikwama kooni na ncha yake ikaelekea juu, kuivuta tu ni kumpasua mtoto. Kwa hiyo alitumia chombo cha kuifunga pini kwanza humohumo ndani ya mwili, ndipo aitoe. Pengine aliisukuma ishuke tumboni, akaigeuza huko penye nafasi, kisha akaitoa ncha ikifuata nyuma. Fikirini, wasomaji: kazi ya kidole kimoja, iliyoachwa juu ya mkeka kwa kuwa mama aliitwa mlangoni, yamlazimu bingwa kuifanya ndani ya koo la mtoto.

Ikiwa mtoto amemeza pini, au mwashuku ya kuwa amemeza, dalili zake ni kutokwa na mate mengi, kukataa chakula, kukohoa, au kulia akishikwa kifua. Lakini pengine haonyeshi dalili yoyote. Msimlishe ugali wala ndizi kwa kudhani ya kuwa chakula kitaisukuma, wala msimtapishe, wala msiingize kidole kooni. Msimpe kitu cha kula wala cha kunywa. Mpelekeni hospitali mara moja, apigwe picha ya eksirei, ijulikane pini iko wapi na kama i wazi au imefungwa.

Lakini mtoto mchanga akishindwa kabisa kupumua, hapo hakuna kungoja. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, umpige kwa kiganja kati ya mabega mara 5, na mwenzako apige mbiu ya msaada.

KUCHAGUA NA KUTUMIA

Nepi za kutupwa zimepunguza kazi ya pini katika nyumba nyingi, lakini nepi za kitambaa zingalipo, na mbeleko na ushungi vingalipo. Kwa hiyo twawapa akina mama, na akina baba wanaowasaidia, maneno haya.

Kabla ya kuinunua, ifungueni pini moja muone kama mkono waruka wenyewe ukakaa mbali na mgongo. Mkono mvivu ni kamani mbovu. Kisha ifungeni, mwibonyeze kwa vidole viwili huku mkiitikisa. Ikifunguka dukani, nyumbani itafunguka pia. Itazameni kofia kama ni nene na kama haina mwanya. Kwa mtoto mchanga, chagueni iliyo na kichwa cha kuteleza.

Wakati wa kumfunga mtoto, wekeni vidole vyenu kati ya nguo na ngozi yake, ili ncha ikikosea iwachome ninyi wala si yeye. Pini na ilale kwa upana wa kiuno, wala isisimame, maana pini iliyosimama humchoma mtoto anapokunja paja. Ncha na ielekee ubavuni, isielekee kitovuni. Kama nguo ni ngumu, ichomeni pini kwanza katika kipande cha sabuni. Itateleza pasipo kuilazimisha, na kamani yake haitachoka.

Wakati wa kubadili nepi, pini isiwekwe mdomoni mwa mama. Mtoto huiga yote ayaonayo, na mama akishtuka aweza kuimeza yeye mwenyewe. Mara itokapo katika nguo, ifungeni kabla ya kuilaza chini. Zihesabuni pini zilizotoka, na hesabu ileile irudi mahali pake. Ikipungua moja, mtoto asiwekwe sakafuni mpaka imeonekana.

Pini ya mtoto isitumiwe kutoa funza miguuni. Pini inayopita toka mguu hata mguu huchukua magonjwa ya damu na pepopunda, kisha yarudi kwenye nguo ya mtoto. Na pini yenye kutu haina heshima tena: kutu huikwaruza nguo, hudhoofisha kamani, na ncha yake hukatika ndani ya kitambaa. Ifungeni, mwitupe katika shimo la choo.

KWA WALIMU

Walimu wenzetu waweza kufanya somo zuri la mikono kwa vipande vya waya na misumari michache. Kila mwanafunzi na apewe vipande viwili vya urefu mmoja, na ncha zake zifanywe butu. Kimoja akipinde kwa kona kali. Cha pili akizungushe mara mbili juu ya msumari, ndipo akipinde. Kisha afungue na kufunga vyote viwili, akihesabu, aone kipi kitakachochoka mbele ya mwenzake. Atajifunza maana ya kamani kwa vidole vyake, wala hataisahau upesi.

Baada ya hayo mwalimu aulize swali gumu zaidi: ni nani awezaye kufanya kichwa ambacho hakifunguki kikibonyezwa upande mmoja tu, bali hufunguka kwa mkono mmoja wa mtu mzima? Wapeni karatasi wachore, na juu ya kila mchoro waandike jina na tarehe. Tena waelezeni habari za Hunt na dola zake 400, wajue ya kuwa mwenye kuvumbua jambo jema na atafute shauri kabla ya kuliuza, hata kama mdai anabisha hodi.

Michoro iliyo mizuri tutafurahi kuiona, na walimu wanaweza kutuletea pamoja na barua zao. Mwezi ujao, tukijaliwa, tutazungumza juu ya taa na mafuta ya taa, na namna ya kuviweka mbali na watoto.